Bidhaa zilifika Arua, filimbi ikabaki India

Mwaka 1914 Waingereza walichukua sehemu ya kusini ya Lado, nchi ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa ameitawala hadi kifo chake, wakaitia ndani ya Uganda kama West Nile. Ofisa wao, A.E. Weatherhead, akaweka boma Arua. Penye boma hapakosi duka, na katika Uganda ya enzi hiyo duka lilikuwa la Mhindi. Njia ilikwisha kufunguliwa na watu kama Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, ambaye maduka yake yalitoka pwani yakafuata reli, yakazunguka ziwa, yakapanda na mto Nile. Kutoka siku za boma hadi mwaka 1972 mtu wa Omugo, Maracha au Koboko aliyehitaji kitambaa, chumvi, jembe, taa ya chemli, cherehani au baiskeli alijua pa kwenda. Vitu hivyo vilizama katika maisha ya West Nile hata leo hakuna anayeuliza vilitoka wapi. Lakini filimbi na zumari za Kihindi, yaani bansuri na shehnai, ambazo ni mashuhuri kuliko zote katika nchi walikotoka wenye maduka hao, hazikuingia katika ngoma za Walugbara wala za Wakakwa. Leo kijana wa Omugo akiitamani bansuri baada ya kuisikia kwenye simu, anaanza mwanzo kabisa, kana kwamba India na West Nile hazijawahi kukutana.

Jibu jepesi ni kwamba wenyeji hawakuipenda, au wenye nayo hawakutaka kuigawa. Historia haikubaliani na jibu hilo. Ukifuata ala za muziki zilizohamia Afrika Mashariki na zile zilizokwama njiani, unaona kwamba ala haihami kwa sababu bidhaa zinahama. Inahama pale inapofuatana na watu watatu: anayeipiga, anayeitengeneza na kuikarabati, na mwenye shughuli ambayo haiendi bila ala hiyo. Akikosekana mmoja, ala hubaki pambo ukutani. Jambo hili lina faida hadi leo, kwa sababu linamwambia mnunuzi anahitaji kutafuta nini zaidi ya ala yenyewe.

Tuanze na mahali ambapo mambo yalifanikiwa. Pwani ya Kenya, zumari ni ala ya nyumbani. Wadigo na Waduruma huipiga katika sengenya, Mombasa imesikika katika chakacha, na Lamu haitengani na goma. Ni bomba la mbao lenye matundu, chini limetanuka kama mdomo wa tarumbeta, na juu lina ulimi wa jani la mti wa jamii ya mnazi, uliokunjwa na kufungwa ili pande zake mbili zipigane pumzi inapopita. Mpigaji hujaza mashavu, akasukuma hewa nje kwa mashavu huku akivuta nyingine puani, hivyo sauti haikatiki hata dakika nyingi zikipita. Mtu akiiweka zumari hiyo kando ya shehnai ya Varanasi ataona ndugu wawili: ulimi wa pande mbili, bomba linalopanuka kuelekea chini, pumzi isiyokatika, na kazi ileile ya kutangaza arusi na sherehe mbele za watu. Wapo watakaosema kwa haki kwamba ya pwani ilitoka kwa Waarabu na Waajemi, si kwa Wahindi. Ni kweli, na ukweli huo unaipa hoja nguvu. Jamii hii ya ala ilienea kutoka Uturuki hadi China, na kila ilipotia nanga ilipata mbao za hapo, jani la hapo na ngoma ya hapo. Mdigo hakuhitaji kuagiza ulimi Muscat, maana alikata jani kijijini kwake. Hakuhitaji kualikwa kwenye sherehe ya mgeni, maana zumari iliingia katika ngoma yake mwenyewe. Ala ikawa yake.

Sasa tutazame waliofika Uganda walikuwa nani. Reli ya kutoka Mombasa, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Punjab, na chini ya robo yao ndio waliobaki baada ya mikataba kwisha. Waliowafuata na kujaza miji ya bara walitoka zaidi Gujarat na Kutch: Wapatel, Walohana, Wakhoja Ismailia, jamii za biashara na kilimo. Kutoka Goa wakaja makarani na wapishi. Katika orodha hiyo mtu haoni wapiga shehnai, na sababu si ya bahati. Huko India shehnai ilikuwa kazi ya koo maalumu, baba akimrithisha mwana, na koo hizo ziliishi kwa kuhudumia mahekalu na majumba ya wafalme. Bismillah Khan, aliyezaliwa 1916 na kufa 2006, alitoka katika ukoo wa namna hiyo. Yeye ndiye aliyeitoa shehnai kwenye baraza la arusi akaifikisha jukwaani, akaipiga Delhi India ilipopata uhuru mwaka 1947, na mwaka 2001 akapewa Bharat Ratna, nishani kuu kuliko zote nchini mwake. Mtu wa ukoo kama huo hakuwa na sababu ya kupanda meli kwenda kuuza chumvi Arua. Na mwenye duka wa Arua, hata kama alikumbuka arusi za kwao zilizoitwa kwa shehnai, hakuwa na mikono ya kuipiga.

Bansuri nayo ina habari yake. Ni mwanzi mtupu wenye matundu, chombo cha wachunga ng'ombe na cha mungu Krishna katika picha za Wahindu, na kwa karne nyingi haikuhesabiwa miongoni mwa ala za muziki wa kisomi. Aliyeipandisha daraja ni Pannalal Ghosh, aliyeishi kati ya 1911 na 1960. Alirefusha filimbi ile hadi karibu sentimita 80 ili iweze kushuka sauti nzito zinazohitajika katika raga, yaani mahadhi ya muziki huo wa kisomi, na akaongeza tundu la saba. Baada yake Hariprasad Chaurasia, aliyezaliwa 1938, akaitangaza duniani kote. Kwa hiyo wafanyabiashara walipokuwa wakifungua milango ya maduka yao Arua, Pannalal Ghosh alikuwa bado mtoto, na bansuri ndefu tunayoijua leo haikuwepo. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kutoleta kitu ambacho kwao kwenyewe kilikuwa hakijapata heshima.

Upande wa wenyeji nao haukuwa mtupu. Kabla ya boma, West Nile ilikuwa na muziki wake wa kupuliza uliokamilika. Agwara za Walugbara, Wakebu na Waalur ni tarumbeta za mbao zinazopulizwa ubavuni, ndefu kwa fupi, zinazopigwa kwa kundi. Kila moja hutoa sauti moja au chache tu, na wimbo hupatikana kwa wapigaji kupokezana: huyu anaingia pale mwenzake alipoacha pengo, na ukimwondoa mmoja wimbo unatoboka. Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyeongoza Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, alizunguka nchi akirekodi na kukusanya ala, na kazi yake ni shahidi kwamba nchi hii ilikuwa imejaa tarumbeta, pembe na filimbi. Sasa fikiri mpiga shehnai angefika katika mzunguko wa agwara. Ala yake inabeba wimbo mzima peke yake, wakati muziki wa hapa umejengwa ili asiwepo hata mmoja anayebeba wimbo mzima peke yake. Masikio hayakuwa na kasoro. Hapakuwa na nafasi wazi iliyosubiri kujazwa, kama ile ambayo zumari iliipata katika sengenya.

Ushahidi mwingine unatoka Zanzibar na Mombasa, ambako uhusiano na India ulikuwa wa karibu mara kumi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, akiwa mwimbaji wa kwanza kutoka pwani yetu kupata umaarufu wa namna hiyo. Filamu za Kihindi zilijaza majumba ya sinema, na Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki 2014, alijijengea jina kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi. Mahali pachache Afrika palikuwa na sababu nzuri zaidi ya kupokea bansuri. Hata hivyo ala zilizokaa katika taarabu ni udi, fidla, ganuni, nai, dumbaki na rika, na nyingi kati yake zilipita Misri, kwa kuwa Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza muziki, naye akarudi akiwa mpigaji na mwalimu. Kutoka India kulikuja tabla na kinanda cha mvukuto, kile kiitwacho hamoniamu. Tazama ni kipi kilichokubaliwa. Hamoniamu ya mkono ilitengenezwa Calcutta katika karne ya 19 kwa kukirekebisha kinanda cha Ulaya. Haihitaji kulainishwa ulimi, haipasuki kwa jua, haibadiliki sauti kwa unyevu, na aliyezoea kodiani huikalia akaimudu. Mahadhi yalivuka bahari kwa santuri na filamu, na ala iliyoyabeba ilikuwa ile isiyohitaji ukoo wa mafundi nyuma yake.

Bara nako hali ilikuwa hivyohivyo. West Nile ilikuwa ghala la askari na vibarua wa Uganda. Vijana wa Kilugbara walikwenda kukata miwa Lugazi kwa Nanji Kalidas Mehta na Kakira kwa Muljibhai Madhvani, wakaishi miaka katika mashamba ya Wahindi. Wengine waliingia King's African Rifles, wakarudi na Kiswahili kilichokuwa lugha ya kambi. Kikosi cha nne cha jeshi hilo, kile cha Uganda, kilipelekwa Ceylon na kupigana Burma mwaka 1944, na askari wa Afrika Mashariki walipumzishwa India kwenyewe. Ala zilizotamba katika miji yetu baada ya vita ni gita na kodiani, zile ambazo askari waliziona zikipigwa kambini, zikauzwa madukani, zikawa na dansi ya kuchezea Jumamosi. Mfano mashuhuri ni Idi Amin, askari wa King's African Rifles ambaye ukoo wa baba yake ulikuwa Wakakwa wa Koboko. Katika filamu ambayo mwongozaji Barbet Schroeder alitengeneza juu yake mwaka 1974, miaka miwili baada ya kuwafukuza Wahindi, Amin anaonekana akipiga kodiani. Jeshi lilikuwa na mpigaji, duka na shughuli. Shehnai haikuwa nacho hata kimoja.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi kubwa, kwamba Amin mwenyewe ndiye aliyeikata kamba. Agosti 1972 alitangaza kwamba Wahindi wana siku 90 kuondoka, na kufikia Novemba makumi ya maelfu walikuwa wamekwenda. Je, kama wangekaa, watoto wao na watoto wa Arua wasingepiga filimbi pamoja? Pengine. Lakini muda wa zaidi ya nusu karne ulikuwa umekwisha kupita, na muda huo ulitosha kwa mambo mengine. Chapati iliingia, wenye kuileta wakafukuzwa, nayo haikuondoka. Leo inakaangwa kando ya barabara na vijana ambao hawajawahi kuingia katika nyumba ya Mhindi, ikazungushiwa mayai na kupewa jina la mjini, rolex. Chapati ilibaki kwa sababu mpishi wa nyumbani kwa Mhindi alikuwa Mwafrika, alijifunza kwa mikono, unga uliuzwa dukani, na njaa ni shughuli ya kila siku. Kufukuzwa kulikata mambo ambayo yalikuwa bado mikononi mwa Wahindi peke yao. Hakukuwa na nguvu juu ya yale yaliyokwisha kushikwa na wenyeji.

Pingamizi la pili ni la ubaguzi. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa ngazi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, kila mtu na shule yake, hospitali yake na mtaa wake. Mlugbara alisimama upande huu wa kaunta, na sherehe za upande wa pili hakualikwa. Hoja hii ina uzito, na sina nia ya kuipunguza: sherehe iliyofungwa haizai wapigaji wapya, na mwenye shughuli ni mmoja wa wale watatu niliowataja. Lakini haitoshi peke yake. Pwani nako kulikuwa na mabwana na watumwa, waungwana na wageni, na bado zumari ilivuka. Ilivuka kwa sababu ilipigwa uwanjani, ikasikika na kila mtu, na kwa sababu mtu wa chini aliweza kuitengeneza kwa mti na jani alivyonavyo. Ubaguzi ulifunga mlango wa mbele, na ukosefu wa fundi ukafunga wa nyuma.

Wapo pia wanaodai kwamba raga ni muziki mgeni mno kwa sikio la hapa. Filamu za Kihindi, zilizopendwa Kampala na Mombasa na watu wasiojua neno moja la Kihindi, zinatosha kulijibu dai hilo. Tena raga nyepesi ambayo wanafunzi wengi wa bansuri huanza nayo, Bhupali, ina sauti tano tu, na nyimbo za sauti tano ni mkate wa kila siku Uganda. Huko Buganda na Busoga filimbi ya endere, yenye matundu manne, ni ala ya kale. Sikio lilikuwa tayari muda wote.

Turudi basi kwa kijana wa leo anayetaka kununua. Hali yake ni bora kuliko ya babu yake kwa jambo moja, na kwa mengine ni ileile. Bora, kwa sababu mwalimu yupo kwenye simu: masomo ya bansuri yanapatikana bure, na mtandao unafika Arua. Lakini simu haikati mwanzi wala haitengenezi ulimi. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuchagua bansuri badala ya shehnai. Shehnai hula ulimi baada ya ulimi, kila mmoja ukihitaji kuchongwa, kulainishwa na kuzoezwa, na mbali na mafundi wake mnunuzi atabaki na bomba lisilolia. Bansuri haina ulimi. Midomo ya mpigaji ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Mwanzi wenyewe una mtihani wake. Mji wa Pilibhit katika jimbo la Uttar Pradesh unajulikana India kwa mafundi wa filimbi, nao huagiza mwanzi kutoka Assam, mbali upande wa mashariki, kwa kuwa wa huko una ukuta mwembamba na pingili ndefu isiyo na fundo. West Nile ina mianzi, lakini ule wa asili wa nyanda kavu za kaskazini mwa Uganda ni mzito, ndani karibu umejaa, mzuri kwa kujengea na si kwa kupuliza. Basi filimbi itanunuliwa, na kiangazi cha kuanzia Desemba hadi Machi kitaijaribu. Mwanzi mkavu hupasuka, ndiyo maana mafundi huuzungushia nyuzi na wapigaji huupaka mafuta ya haradali. Kuning'iniza bansuri ukutani penye jua ni kuihukumu.

Halafu lipo suala la sauti, ambalo huwaponza wengi wanaoagiza kwa mbali. Wahindi huitaja bansuri kwa sauti ya Sa, ile ya kwanza katika ngazi ya sauti, inayotoka matundu matatu ya juu yakiwa yamezibwa, ilhali wauzaji wengine huitaja kwa sauti inayotoka matundu yote sita yakiwa yamezibwa. Filimbi moja inaweza kuuzwa kwa herufi mbili tofauti. Mnunuzi aulize swali hilo kabla ya kulipa, kisha achague sauti inayolingana na kinanda cha kanisa au na adungu atakazopiga nazo. Aanze na ya urefu wa kati. Ile ndefu ya Pannalal Ghosh hutaka vidole vilivyokwisha kunyooka, na anayeanza huishia kuvuja hewa kila tundu.

Adungu nimeitaja kwa makusudi, kwa sababu ndiyo somo lililo karibu zaidi. Ni kinubi cha Waalur, majirani wa Walugbara, na katika karne iliyopita kimetoka Nebbi kikaenea Uganda nzima. Mafundi walikitengeneza kwa ukubwa mbalimbali, kidogo cha kuimba na kikubwa cha besi, wakakipanga sauti ziendane na nyimbo za kanisa, na mashule yakakichukua kwenye mashindano. Mpigaji, fundi na shughuli vilikutana. Leo Omugo, penye kambi iliyofunguliwa 2017 kwa wakimbizi wa Sudan Kusini, wenyeji na wageni wanasali na kuimba pamoja, na kwaya ndiyo shughuli isiyokosa wiki hata moja. Hapo ndipo filimbi mpya inaweza kupata kazi.

Atakayesema kwamba mtu mmoja ana haki ya kununua ala kwa raha yake tu, bila kujitwika mzigo wa historia, amesema kweli. Lakini raha ya mtu mmoja huisha filimbi inapopasuka. Anayetaka idumu anunue bansuri moja nzuri, aitumie kama kipimo, apime umbali wa kila tundu na upana wa bomba, kisha atoboe nyingine kwa bomba la plastiki la maji, ambalo halipasuki kwa kiangazi, linauzwa madukani Arua, na tayari linatumiwa kwingi duniani kutengenezea filimbi za wanafunzi. Mlio utapungua utamu kidogo, na fundi atakuwa amepatikana. Wenye maduka wa zamani walileta kila kitu isipokuwa fundi, na ndiyo maana kwa zaidi ya nusu karne hatukupata filimbi. Safari hii fundi anaweza kutangulia.